Mwalimu Balagizi na Jumamosi za Bénita

Mwalimu Balagizi si mtu mbaya, ingawa ukimwambia hivyo atakubishia, maana kubishana juu ya jambo hilo ndiyo kazi yake. Kwa miaka kumi na tisa amefundisha dini katika shule moja ya sekondari mjini Goma, na somo la kwanza la kila mwaka ni lile lile: binadamu huzaliwa na jeraha, moyo wake umeinama, na akiachwa peke yake ataangukia kule kule ulikoinamia. Wanafunzi huandika neno kwa neno, kisha hupiga mstari kwa kalamu nyekundu kama alivyowaagiza. Hajawahi kuwauliza kama wanakubali.

Shule yenyewe ni ya serikali, na papo hapo si ya serikali. Mshahara hutoka serikalini, au tuseme hutakiwa kutoka huko. Uongozi, sala na funguo za ofisi ni za Kanisa Katoliki. Shule nyingi za Kongo ziko hivyo na hakuna anayeshangaa. Mtoto wa Mprotestanti, wa Mwislamu na wa yule asiyesali popote wote hupita geti moja, kwa sababu ndilo lililo karibu na nyumbani. Jumamosi darasa la Balagizi huanza na somo la dini, halafu shule nzima huingia kanisani kwa misa.

Wakati wa misa utamkuta Balagizi nyuma kabisa, karibu na mlango, rejista mkononi, akihesabu wanafunzi. Kazi hiyo hakupewa, aliiomba mwenyewe. Walimu wenzake wakipanga mstari kwenda kupokea komunyo, yeye huonekana ana shughuli. Anahesabu mara ya kwanza, anahesabu mara ya pili, na anapomaliza mstari umekwisha. Mwalimu wa dini asiyepokea komunyo ni kinyozi mwenye nywele zilizofungamana, watu watauliza. Basi yeye huhesabu.

Alizaliwa Katana, upande wa Bukavu, mtoto wa nne wa katekista. Baba yake alimpeleka seminari ndogo akiwa na miaka kumi na miwili, akatoka huko na miaka kumi na minane, si kwa kosa lolote, ila siku moja aligundua kwamba anapenda kueleza mambo ya Mungu kuliko anavyopenda kunyamaza mbele yake. Alisomea ualimu Bukavu, akapanda boti kuja Goma na sanduku moja na vitabu viwili. Mji ulikuwa bado unachimbuliwa kutoka kwenye mawe ya volkano. Alidhani atakaa miaka miwili tu.

Kisha akampata Sidonie. Sidonie alikuwa Mushi mwenzake, mtu wa kabila lake, mwuza vitambaa sokoni, mcheshi, mwenye sauti ya kumwita mteja kutoka ng'ambo ya barabara. Tatizo lilikuwa moja, nalo halikuwa lake. Alipokuwa na miaka ishirini alifunga ndoa kanisani na kijana aitwaye Akonkwa, na Akonkwa akaenda machimboni upande wa Shabunda akapotea huko. Hakuna kaburi, hakuna karatasi, hakuna hata mtu mmoja wa kusema nilimwona akifa. Kwa Kanisa, Sidonie bado ni mke wa mtu. Balagizi alipeleka faili Bukavu, mashahidi wakaandikwa, mihuri ikapigwa, na tangu siku hiyo kila anayeulizwa hujibu kwamba faili iko njiani. Miaka kumi na moja iko njiani. Wana binti wawili sasa, nao hawawezi kungoja faili ili wakue.

Na mwalimu wa dini hutakiwa kila Septemba kuleta barua ya paroko wake, kwamba ni Mkatoliki aishiye vizuri, mwenye ndoa ya Kanisa. Balagizi hana barua. Kila Septemba huenda ofisini kwa Padri Émile, ambaye ndiye prefe, yaani mkuu wa shule, mtu wa Butembo, mrefu, mwenye miwani na utaratibu. Padri hufungua dosie, yaani faili lake la kazi, hutazama mahali ambapo barua ingekuwa, hufunga tena na kuitia kwenye droo.

“Dosie yako haijakamilika, mwalimu,” husema.

“Inakuja, Padri.”

“Tutaona.”

Ni hayo tu. Lakini Balagizi hutoka humo shati limemganda mgongoni, na mwaka mzima hutembea akijua kuwa nusu ya maisha yake imelala ndani ya droo ya mtu mwingine. Akifukuzwa kwenye dini atafundisha nini, na wapi? Mficha maradhi, kifo humuumbua, na yeye maradhi yake ameyaficha mahali ambapo mkubwa wake ana ufunguo.

Mwaka huu wa masomo aliingia darasani kwake Bénita. Msichana wa miaka kumi na sita, mpole, mwandiko safi, anasomea ualimu. Familia yake ilitoka milima ya Masisi, ikakaa kambini mpaka kambi ilipofungwa, sasa wamepanga nyumba ya mbao mtaa wa Ndosho. Na ni Waadventista. Kuanzia Ijumaa jua linapozama mpaka Jumamosi jua linapozama, kwao ni Sabato: hakuna kazi, hakuna soko, hakuna shule. Jumatatu mpaka Ijumaa Bénita alifika kabla ya kengele. Jumamosi dawati lake lilikuwa tupu.

Balagizi alikuwa ndiye msimamizi wa darasa lile, kwa hiyo yeye ndiye huandika kwenye buletini, yaani ripoti ya alama, ya kila mwanafunzi ile alama ambayo si ya somo lolote: alama ya mwenendo, konduite. Mtoto mzuri sana huandikiwa TB, mzuri B, na wa chini kabisa huandikiwa Ma, ndiyo kusema mbaya. Sheria ya shule iko ukutani: mwanafunzi mwenye Ma katika vipindi viwili, yaani nusu mbili za muhula, na ya tatu kwenye mtihani wa muhula, anatoka.

Mwishoni mwa kipindi cha kwanza Padri Émile alimkuta kwenye varanda.

“Mwalimu, ule mutoto wa Masisi anakosa misa kila posho,” alisema. Posho ndilo jina la Jumamosi kwa watu wa Goma. “Batoto bengine banaangalia. Utamuandika nini?”

“Nitaangalia, Padri.”

“Angalia muzuri. Na dosie yako pia uiangalie, mwaka unaenda.”

Balagizi aliangalia. Aliangalia buletini ya Bénita saa nzima, alama zake zote nzuri zimepangana wima, na chini yake akaandika Ma kwa kalamu ya bluu. Alijiambia kwamba ni kipindi kimoja tu. Alijiambia pia kwamba binadamu ameinama na anahitaji uzio, na mtoto asiyezoea uzio atauruka siku ya hatari. Mtu mwoga hakosi mstari wa katekisimu wa kujifunikia.

Sasa sikiliza ubaya wa ratiba. Balagizi huyo huyo ndiye anayefundisha darasa lile uraia, kila Jumanne. Jumanne moja alikuwa anaeleza Katiba, kwamba kila Mkongomani ana uhuru wa dini yake, na serikali haimlazimishi mtu kusali wala kutosali. Aliieleza kwa moyo, maana analipenda somo hilo. Bénita akanyoosha mkono.

“Mwalimu, ile haki inatumika hata siku ya posho?”

Hakuuliza kwa ujeuri. Aliuliza kama mtoto anayetaka kujua kama duka fulani hufunguliwa mapema. Darasa zima likainua macho. Balagizi alisema kwamba swali ni zuri, kwamba litajibiwa kwenye sura inayofuata, na akafuta ubao ambao ulikuwa bado haujajaa. Sura inayofuata ilihusu kodi. Mwisho wa kipindi cha pili aliandika Ma nyingine, haraka, pasipo kuketi.

Nyumbani Sidonie alimwona hali ugali. Akamwuliza, naye akamweleza yote.

“Sasa wee unaogopa Padri, ama unaogopa mimi?” aliuliza Sidonie.

“Ninaogopa tukose pa kula.”

“Mimi ninauza vitambaa, Balagizi. Hatutakosa. Usimutie mutoto wa batu kwenye ndoa yetu.”

Alijua mkewe anasema kweli, na ukweli huo ulimbana kuliko Padri. Padri angalau angeweza kumkasirikia.

Ratiba ya mitihani ikatoka: dini, Jumamosi asubuhi. Asiyekuja ana sifuri, na Ma ya tatu ataandikiwa bila mtu kuuliza. Balagizi akaenda Ndosho kumwona baba yake Bénita.

Ézéchiel alikuwa mtu mwembamba mwenye kofia ya sufu. Zamani alikuwa na ng'ombe ishirini na wawili milimani. Sasa huuza jibini ya ng'ombe wa watu wengine, ile ya mviringo ya Masisi, ameipanga juu ya rafu na kuifunika kitambaa cheupe. Alimkaribisha mwalimu kwa heshima, akampa kiti pekee, yeye akaketi juu ya kreti.

“Papa Ézéchiel, nimekuja kuomba kitu kidogo,” alisema Balagizi. “Posho moja tu. Mutoto akuje, afanye examen, arudi. Mungu ataelewa.”

“Mungu ataelewa, ndiyo. Mutoto njo hataelewa.” Ézéchiel alikata kipande cha jibini, akampa kwa mikono miwili. “Nikimufundisha leo kusogeza siku ya Bwana sababu ya buletini, kesho atasogeza nini sababu ya mutu mwenye kumuahidi kazi?”

“Lakini mutu amezaliwa amepinda, Papa. Ukimuacha bila lupango, bila uzio, anapotea. Njo maana shule inalazimisha sala.”

“Hapo tuko pamoja. Hata sisi tunahubiri vile. Batu bote bamepinda.” Ézéchiel alitafuna polepole. “Sasa ule mwenye kujenga lupango, yeye alizaliwa wapi?”

Balagizi aligeuza kile kipande cha jibini mkononi.

“Kule Masisi nimeona batu bengi benye kuja kunyoosha bengine. Kila mumoja na fimbo yake. Wengine balisema wametumwa na serikali, wengine na Mungu. Mwalimu, kama kweli mutu amepinda, basi usimupe fimbo ya Mungu ashike. Hata mimi usinipe. Utaniogopa.”

Balagizi alitembea kwa miguu mpaka nyumbani. Miaka kumi na tisa amefundisha lile somo la kwanza, na hakuwahi hata mara moja kuliendeleza hatua ile moja mbele: kwamba anayelazimisha naye amejeruhiwa, na kwamba dhambi ya Adamu haikuishia kwa wanafunzi. Alijisikia mjinga. Alijisikia pia ameibiwa somo lake na mwuza jibini, na hilo lilimwuma kwa namna ya kitoto.

Ndipo akapata ujanja. Bila kumwuliza Padri, alitangaza darasani kwamba mtihani wa dini utafanyika Ijumaa saa nane mchana, kwa muda wa saa mbili kamili, ili Jumamosi wabaki na misa peke yake. Wanafunzi walifurahi. Bénita alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Septemba, na Balagizi akaenda zake akijiona mtu hodari. Hakufikiria mvua, ingawa ni mwalimu wa Goma na paa la darasa lake ni la bati.

Ijumaa, saa nane kasoro dakika tano, mvua ikashuka. Kila anayefundisha chini ya bati anajua kinachofuata: huwezi kusikia hata jina lako. Na maswali ya mtihani husomwa kwa sauti, wanafunzi wakiandika, maana karatasi za kuchapa hakuna. Wakangoja. Saa tisa wakangoja, saa kumi wakangoja. Mvua ilipungua saa kumi na nusu. Balagizi aliangalia saa yake akapiga hesabu: saa mbili kutoka hapo zitavuka machweo. Kuahirisha maana yake ni Jumamosi. Akaanza kusoma maswali, manne, akimwomba Mungu ampe yule mtoto mkono mwepesi.

Bénita aliketi karibu na dirisha. Kwao wana kalenda ya kanisa inayoonyesha dakika ya machweo ya kila Ijumaa, naye alikuwa ameinakili kwenye kiganja. Alimaliza swali la kwanza, la pili, akafika katikati ya la tatu. Saa kumi na mbili na robo aliweka kalamu chini, akasimama.

“Mwalimu, jua linazama. Ninaomba ruhusa.”

Mlango ukafunguliwa wakati ule ule. Padri Émile alikuwa amesikia sauti kwenye darasa ambalo lilipaswa kuwa tupu. Alitazama ubao, akatazama wanafunzi, akamtazama msichana aliyesimama.

“Ikaa, umalize,” alisema.

Bénita hakuketi. Hakubisha, hakulia, alisimama tu mikono imeshikana mbele, na wanafunzi arobaini wakaacha kuandika. Padri akamwita mwalimu kwenye varanda.

“Mutihani wa Ijumaa, nani alipanga?”

“Mimi.”

“Na huyu, utamuandika nini?”

“Padri, nimechoka,” alisema Balagizi. “Mimi na Sidonie hatuna ndoa ya kanisa. Miaka kumi na moja. Sipokei komunyo. Toa ile dosie, peleka kwa wakubwa, bamalize. Sitaandika Ma ingine.”

Padri Émile alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu.

“Balagizi, wakubwa banajua tangu mwaka wa kwanza. Niliandika mimi mwenyewe. Balijibu uendelee kufundisha mpaka faili ya Bukavu irudi, walimu hakuna. Ile barua yabo ya jibu iko mule mule kwenye droo.”

“Hukuniambia.”

“Hukuuliza.” Kisha, kwa sauti ya chini, kama padri aliyekaa upande usio wake wa kiti cha maungamo: “Mwalimu mwenye woga anafika mapema. Nilikuacha vile.”

“Na zile Ma za mutoto?”

“Niliuliza utaandika nini. Kalamu ilikuwa yako.”

Ungedhani mtu aliyefunguliwa pingu hurukaruka. Balagizi alishika nguzo ya varanda. Kwa miaka yote hiyo alikuwa na neno moja la kujifariji, kwamba analazimishwa, na sasa neno hilo lilikuwa limeondolewa na hakukuwa na lingine nyuma yake. Ma zile mbili hakuna aliyemshika mkono akiziandika. Padri hakuwa safi, alijua alichokuwa akikifanya na ile droo; lakini kosa la Padri halikupunguza la Balagizi hata chembe. Aliona aibu, aibu ya kweli.

Aliporudi ndani karatasi ya Bénita ilikuwa mezani na mwenyewe ameondoka. Balagizi alifungua rejista mbele ya Padri, akamwandikia Bénita TB ya mwenendo. Padri aliona, akaondoka bila neno.

Jumamosi hakuwasumbua. Jumapili baada ya chakula alienda Ndosho, akitembea kwa haraka, habari njema mdomoni. Alikuta godoro limekunjwa na kufungwa kwa kamba, begi kando yake. Bénita alikuwa anafagia.

“Papa Ézéchiel, nimeandika TB,” alisema kabla ya kuketi. “Hatoki tena. Anaweza kubaki.”

Ézéchiel alimshukuru, akampa kile kiti. “Anaenda Rutshuru kwa shangazi yake, mwalimu. Kuko shule ya kanisa letu. Gari ni kesho asubuhi.”

“Lakini hakuna tena wa kumufukuza.”

“Hafukuzwi. Ni yeye aliamua, tangu juzi.” Alimtazama binti yake, na kwa kuwa binti aliendelea kufagia, akasema yeye. “Aliniambia, Papa, ule mwalimu anateseka sababu yangu. Akiniandika Ma ana shida, asiponiandika ana shida. Wacha niende, apumuzike.”

Alikuwa ameijia familia hii na msamaha wake mkononi, akakuta yeye ndiye aliyesamehewa, tena kwa bei ambayo hakuiomba: mtoto anaondoka kwa baba yake, anapita barabara ile ya hatari ya kaskazini, ili mwalimu wake alale usingizi.

“Nipe buletini,” alisema mwishowe. “Nitarekebisha zile mbili.”

Bénita aliileta, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Zilikuwepo, Ma na Ma, kila moja na saini yake na muhuri wa shule. Alitoa kalamu. Ézéchiel akaweka kidole chini kabisa ya buletini, mahali palipochapwa kwa herufi ndogo kwamba buletini iliyofutwa au kuandikwa juu haina thamani.

“Ukifuta, prefe wa kule atasema ni mimi nilifuta,” alisema, bila ukali. “Atamurudisha.”

Kalamu ilibaki hewani. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya aliyamwaga yeye, mchana kweupe, akiwa na akili timamu. Aliomba karatasi. Bénita alichana moja katikati ya daftari lake, naye akaandika juu ya goti: kwamba yeye, Balagizi, mwalimu wa dini, aliandika alama zile mbili kwa woga, kwamba mwanafunzi huyu hakufanya kosa lolote, na kwamba mwenendo wake ulikuwa bora kuliko wa mwalimu wake. Akaandika jina lake lote, la ubatizo na la baba yake, na namba ya simu. Bénita aliisoma, akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya buletini.

“Asante, mwalimu.”

“Kule wataanza kusoma nini?” aliuliza Balagizi. “Barua ama buletini?”

Msichana alifikiri, maana hakuwa mtu wa kudanganya hata kwa huruma.

“Buletini, mwalimu,” alisema. “Barua haina muhuri.”